Kisu Nilichompa Baba Mkwe

Mimi ni fundi cherehani. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wakiambiwa natengeneza visu hudhani nimekulia kwenye uhunzi. Nilikuja Dar kutoka Newala nikiwa kijana, nikafundishwa kushona kwenye baraza la duka moja la vitambaa Kariakoo, na cherehani yangu bado iko kwenye baraza hilohilo, katikati ya majora na kelele za wapagazi wanaodai njia. Visu vilinijia nikiwa na miaka thelathini na sita, kupitia mikasi. Kila baada ya wiki chache nilikuwa napeleka mikasi yangu kunolewa kwa mzee mmoja mhunzi, mtaa wa Gerezani. Siku moja nikamkuta anafua kipande cha springi ya lori, kimeiva chekundu, kinarefuka chini ya nyundo kama donge la chapati. Nilikaa pale mpaka adhuhuri, na huku nyuma wateja wananitafuta.

Basi nikaanza kwenda kila Jumapili. Mzee yule nilimwita Fundi tu. Alikuwa mwembamba, mkimya, na hakupenda kufundisha kwa maneno. Alikuacha ukosee, halafu akakuonyesha mahali ulipokosea kwa ncha ya koleo.

Na nilikosea kweli. Kisu cha kwanza nilikifua kwa nondo, maana nondo zilikuwa zimelala tu pale nje. Kilipendeza macho, lakini nyanya ilikishinda. Nondo ni chuma laini, hata uhangaike nacho vipi hakishiki makali. Cha pili nilikichonga kwa grainda kwa pupa mpaka makali yakageuka bluu kwa joto. “Umekiua,” Fundi akasema, akakitupia kwenye pipa la vyuma chakavu. Cha tatu kilipinda kama ganda la ndizi kwa sababu nilikiingiza kwenye oili kwa ubavu badala ya kukiingiza wima. Makosa hayo yaliniunguza vidole na kunitia aibu ndogo, basi. Baadaye nikatoa vinne vilivyofaa, nikawagawia watu wa mtaani. Nikajiona nimeshafika.

Jambo moja tu ndilo Fundi alilisema kwa sauti ya onyo. Chuma cha kisu hupashwa moto mpaka kiwe rangi ya chungwa, kisha huzamishwa ghafla kwenye oili chafu ya gari iliyopashwa ikawa vuguvugu. Hapo ndipo kinapata ugumu.

“Oili, siyo maji,” aliniambia. “Springi ukiitia maji inapasuka. Na ukisikia tik, hata kidogo, usianze kukigeuzageuza unatafuta ufa. Hutauona. Kivunje palepale, uanze kingine.”

Nilimwitikia, nikaona ni neno la kawaida.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Kariakoo tangu enzi za babu yake. Nyumba yao ni moja ya zile chache za chini zilizobaki, imebanwa na maghorofa pande tatu, jua linaingia uani saa sita mchana tu. Kila Idi ya kuchinja yeye ndiye anayeshika kisu kwa niaba ya majirani. Mimi nilikuwa namwogopa. Hajawahi kunitukana wala kuninyima chakula, lakini miaka saba baada ya kumuoa binti yake alikuwa bado ananiita “fundi cherehani”, kama mtu aliyekuja kupima suruali akachelewa kuondoka.

Siku moja nilipokwenda kumwamkia akanionyesha kiti.

“Nasikia siku hizi unafua visu.”

“Najifunza, Baba.”

“Kisu changu kimeliwa na kinoo, kimebaki kijiti. Nitengenezee cha kuchinjia. Idi imebaki wiki mbili.” Akanyanyua kidole. “Kisiwe na pengo hata la tundu la sindano. Mnyama hatakiwi kuteswa. Unanielewa?”

“Nimekuelewa, Baba.”

Mke wangu alifurahi njia nzima tuliporudi nyumbani. Mimi nilikuwa nahesabu Jumapili zilizobaki.

Jumapili ya kwanza nilikifua, na Fundi alikuwepo. Nilikinyoosha, nikakipa umbo, kirefu cha kutosha, mgongo mnene. Fundi alikiangalia, akatikisa kichwa kukubali. Jumapili ya pili, ndiyo ya mwisho kabla ya Idi, alikuwa amesafiri kwenda Rufiji kwenye msiba. Aliniachia ufunguo wa banda.

Nilikiweka kwenye makaa, nikakizamisha kwenye oili, nikajaribu makali kwa tupa. Kisu kikiwa kigumu, tupa inateleza juu yake kama juu ya kioo. Hii iling'ata. Kisu kilikuwa bado laini. Sasa najua kwa nini: niliogopa kukipasha sana, nikakitoa kabla hakijaiva, na oili yenyewe sikuipasha. Siku ile sikujua. Nikarudia. Tupa ikang'ata tena. Nikaanza kutokwa na jasho ambalo halikuwa la moto. Nikaona sura ya baba mkwe, nikasikia sauti yake akiniita fundi cherehani mbele ya majirani wote waliochangia ng'ombe.

Kando ya jiko kulikuwa na ndoo ya maji. Mara ya tatu nikakipasha mpaka kikawa cheupe kidogo kwenye ncha, nikakitumbukiza kwenye ndoo.

Tik.

Gerezani haina dakika ya ukimya. Kuna wanaokata mabati, wanaogonga masufuria, mashine za kuchomelea zinaunguruma mlango kwa mlango. Na bado nililisikia. Lilikuwa dogo, kama ukucha ukigonga glasi.

Nilikitoa, nikakifuta, nikakipeleka juani. Nilikigeuza huku na huku, lile hasa nililokatazwa. Sikuona kitu. Nikajaribu tupa, ikateleza vizuri kuliko kwenye kisu chochote nilichowahi kutengeneza. Nikasimama pale mlangoni nimekishika. Nikajiambia labda ni ndoo iliyolia, ndoo za bati zina tabia hiyo. Nikajiambia labda ni mtu wa banda la pili. Halafu nikakipeleka kwa muoka mikate wa jirani ambaye humsaidia Fundi, kikakaa kwenye tanuri lake pamoja na mikate ili ugumu wake upungue kidogo. Kilitoka na rangi ya majani makavu, kinanukia mkate. Nikakitia mpini wa mninga, nikakinoa siku tatu mfululizo kila nilipopata nafasi barazani. Kilinyoa nywele za mkono bila kugusa ngozi.

Nilikusudia kumwambia. Naapa nilikusudia. Nilikwenda kwake Jumatano, kisu kimefungwa kwenye kitambaa, na sentensi nimeshaipanga: Baba, hiki kina wasiwasi, tuazime kingine. Alikifungua, akakipitisha kwenye ukingo wa gazeti, gazeti likaachana bila sauti. Akarudia upande wa pili. Kisha akamwita mama mkwe kutoka jikoni.

“Njoo uone alichotengeneza mwanangu.”

Mwanangu. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake. Sentensi yangu sikuitoa, nikanywa chai niliyoletewa, nikaaga.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nikikaa kwenye cherehani, sindano ikigonga kifungo nashtuka. Muuza soda akifungua kizibo, nashtuka. Nilishona mkono wa kushoto wa shati la mteja upande wa kulia, nikaufumua, nikaushona tena palepale. Alhamisi nikarudi kwa baba mkwe na kisingizio.

“Baba, nakiomba kidogo nikinoe upya.”

“Ukinoe nini? Kinanyoa ndevu hiki.” Akacheka, naye si mtu wa kucheka. “Kimeshawekwa kabatini. Kapumzike.”

Nilipotoka pale nikapita Gerezani. Fundi alikuwa amerudi kutoka msibani. Nikamwamkia, nikampa pole, nikakaa kwenye kigoda chake. Nikauliza kama mtu anayeuliza habari za mtu mwingine.

“Fundi, hivi kikilia tik, lakini ufa huuoni kabisa, kikapita tanurini, kikanolewa, kikakata vizuri tu. Hapo inakuwaje?”

Aliacha kupiga nyundo. “Kinakata vizuri mpaka siku kinapokatika.”

“Siku gani?”

“Siku kitakapogongwa. Au kikibanwa kwenye mfupa.” Akanitazama. “Kiko wapi?”

“Nilikitupa,” nikasema.

Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Asubuhi ya Idi tuliswali, tukapeana mikono, tukaenda kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba ya baba mkwe. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo, mweusi, mwenye baka jeupe begani. Wanaume sita tukamlaza. Mimi nilipewa miguu ya mbele. Nilikuwa karibu sana, pumzi yake ya moto ilinipiga mkononi. Baba mkwe akaja amekificha kisu nyuma ya kanzu ili mnyama asikione. Nikaangalia jicho la yule ng'ombe, likanishinda, nikaangalia chini. Nilikuwa nasubiri kukatika kwa kisu katikati ya koo, mnyama akurupuke, damu, vilio, na jina langu.

“Bismillahi, Allahu Akbar.”

Mkono wake ukaenda mara moja ukarudi. Ikawa imekwisha. Miguu niliyoishika ikatetemeka, ikatulia polepole.

“Mashaallah,” mtu akasema. “Kisu gani hiki?”

Baba mkwe akaninyooshea kidole. “Mkwe wangu ndiye kakifua.”

Wakanijia. Huyu anataka cha buchani, yule cha nyumbani. Nilitabasamu, nikaitikia. Nikaanza kuamini kwamba ilikuwa ndoo. Koo halina mfupa, hilo lilinipita kabisa. Nikaenda kunawa bombani, nikakaa na wanaume barazani, nikapewa kahawa. Kwa muda wa kikombe kile kimoja nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha nikasikia kishindo kutoka uani. Kizito, kama mtu anatwanga. Kikaja cha pili.

Sijui nilijuaje. Niliacha kikombe, nikaingia ndani, nikapita ukumbini. Uani wanawake walikuwa wanagawa nyama kwenye masinia. Mke wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya gogo. Alikuwa ameweka kisu changu juu ya kifundo cha mguu wa ng'ombe, na mkono wa kulia ameshika mchi wa kinu, anaugongesha kwenye mgongo wa kisu ili kifundo kiachane. Baba yake ndiye aliyempa kisu. Na binti yetu wa miaka minne alikuwa ameegemea bega lake, uso wake uko sawasawa na kile kisu, anatazama.

“Acha!” nikapiga kelele.

Mchi ulikuwa umeshaanza kushuka.

Ulitoka mlio mkali, na mkononi mwa mke wangu ukabaki mpini na nusu ya kisu. Mtoto akaanza kulia kwa nguvu zote. Nilimfikia sijui kwa hatua ngapi, nikamnyanyua, nikamgeuza uso, nikampapasa macho, shavu, shingo, nywele. Sikuweza kujua ninachokigusa. Mke wangu naye anapiga kelele, “Damu! Ana damu!” Alikuwa nayo kweli, shavuni. Nikaifuta kwa kiganja. Ilikuwa ya nyama, ilitoka mikononi mwa mama yake. Chini yake ngozi ilikuwa nzima. Mtoto alikuwa analia kwa sababu ya kelele yangu.

Wanawake wakaanza kutafuta kipande kilichoruka. Walitafuta chini ya masinia, kwenye majivu, kwenye kapu la vitunguu. Shemeji yangu mmoja ndiye aliyekiona. Nyuma ya pale alipokuwa amesimama binti yetu kulikuwa na benchi lenye madumu ya maji. Dumu la katikati lilikuwa linachuruzika uzi mwembamba wa maji. Ncha ya kisu changu ilikuwa imezama kwenye plastiki. Nilimsimamisha mtoto wangu chini ili nipumue, nikaona lile tundu liko usawa wa paji lake la uso. Nikakaa chini palepale kwenye maji na damu.

Baba mkwe alikuwa ameshafika mlangoni. Akachukua mpini kutoka kwa mke wangu, akakitazama kisu mahali kilipokatikia. Sehemu kubwa ya mkatiko ilikuwa inang'aa kijivu kama chumvi. Lakini kutoka kwenye makali kwenda juu, karibu theluthi, kulikuwa na weusi.

“Hii nyeusi ni nini?” akaniuliza.

Ningeweza kusema sijui. Hakuna mtu pale ambaye angenipinga.

“Ni ufa, Baba. Ulikuwepo tangu nilipokizamisha. Ukaungua ndani kikiwa tanurini, ndiyo maana ni mweusi.”

“Ulijua?”

Hakuwa yeye aliyeuliza. Ni mke wangu. Alikuwa amembeba mtoto, mchi umeanguka miguuni kwake.

“Nilisikia sauti,” nikasema. “Sikuwa na hakika.”

Baba mkwe hakunyanyua sauti. Nilitamani aninyanyulie. “Uliniacha nimsomee Bismillahi mnyama wa watu, na kisu ambacho wewe mwenyewe hukiamini. Ukamshika miguu. Ukaona mkono wangu unashuka.” Akakiweka kile kipande kwenye sinia tupu. “Nyama yake ni halali, hiyo haina shaka. Wewe ndiyo sijui.”

Akaondoka kuingia ndani. Kazi ikaendelea kwa panga.

Mke wangu alilala kwao siku nne na mtoto. Siku ya pili nilikwenda Gerezani, nikamweleza Fundi kila kitu, na uongo wangu wa Alhamisi. Alinisikiliza huku anaendelea kufukuta moto.

“Umeshatoa vingapi kabla ya hicho?”

“Vinne.”

“Vilete vyote.”

Kukusanya visu kutoka kwa watu uliowapa ni jambo la aibu ambalo sikuwahi kulifikiria. Kaka wa chipsi alinipa chake palepale. Fundi wa viatu naye vilevile, tena akadhani nakwenda kukinoa. Shemeji yangu alikirusha juu ya meza kana kwamba kinamuunguza. Mama muuza supu wa Msimbazi ndiye aliyenigomea.

“Kisu changu kizuri, sikirudishi.”

“Mama, naogopa kitakuumiza.”

“Kingeniumiza kingeshaniumiza. Miezi minne nakata nacho miguu ya ng'ombe ya kongoro.”

Aliposema kongoro nywele zilinisimama. Nilimwambia habari ya mtoto wangu, pale mbele ya wateja wake wenye mabakuli. Akasita, akakifuta kwa khanga yake, akanipa.

Fundi alivifunga kimoja kimoja kwenye jiliwa, kibanio cha chuma cha mezani, akavalisha bomba kwenye mpini ili apate nguvu ya kupinda. Akanipa mimi bomba. “Geuza uso,” akasema. Nikageuza, nikavuta. Cha kwanza kilipinda, nilipoachia kikarudi kimenyooka. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu kikapinda kikabaki kimepinda, yaani kilikuwa laini mno, lakini hakikuwa na hatari. Cha nne, cha mama muuza supu, kilikatika kwa mlio uleule, na ndani kilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya mchele. Hicho nilikizamisha kwenye oili, Fundi akiwepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia kitu. Nilimwangalia. Yeye naye alikuwa anakiangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa.

“Ndiyo hivyo,” akasema baadaye. “Ndiyo maana tunavipinda.”

Sikuwa navipinda. Nilikuwa na haraka ya kuvitia mpini.

Nilikaa karibu miezi mitatu bila kugusa nyundo. Mke wangu alirudi, tukaishi, akanunua kisu cha dukani chenye mpini wa plastiki. Baba mkwe aliendelea kunipokea, ananiuliza habari za kazi na kunikaribisha chakula. Hakuna jina analoniita sasa, anaanza kuzungumza tu. Nilipoanza tena, nilianza na visu vidogo vya jikoni, na kila kimoja nilikipinda mara tatu kabla ya kukichonga mpini. Kila mara nageuza uso. Kimoja katika kila vichache hukatika. Fundi husema ni kawaida.

Mwezi uliopita mke wangu alikuja Gerezani mwenyewe, saa nne asubuhi, ametoka sokoni na kapu la mchicha. Hajawahi kukanyaga pale. Mtoto alikuwa shuleni. Alimwamkia Fundi, kisha akasimama mbali kidogo, karibu na mlango.

“Nataka kisu cha kukatia vitunguu,” akasema. “Cha dukani kimekufa.”

“Kipo kimoja,” nikamjibu. “Nimeshakipinda jana.”

“Kipinde nikione.”

Nikakifunga kwenye jiliwa. Nikavalisha bomba. Alisogea nyuma hatua mbili, akashika kapu mbele ya kifua. Nikavuta mpaka kikapinda kuliko nilivyokuwa nimewahi kuthubutu, nikaachia, kikarudi. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akaniambia upande wa pili, nikakigeuza. Alikuwa anakitazama muda wote, na mimi nilikuwa namtazama yeye, sikugeuza uso.

Kilipotoka kwenye jiliwa alikipokea, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo wake, akamuuliza Fundi kama kinahitaji kupakwa mafuta kabla ya kutumika. Fundi akamwambia mafuta ya kula yanatosha. Akakizungushia gazeti, akakiweka kwenye kapu chini ya mchicha, akaniambia nisichelewe chakula cha mchana.